Kamba ya Mtu Mfupi

Ijumaa, saa sita na dakika ishirini mchana, Bi Cherehani aliingia jikoni kwa jirani yake bila kupiga hodi. Kwa miaka kumi na sita ya ujirani hakuwahi kufanya hivyo, maana ni mtu wa adabu zake. Lakini alikuwa amesikia ukelele mmoja mkali, kisha kimya, na kimya kile hakikumpendeza.

Mlango wa kutoka jikoni kwenda gereji ulikuwa wazi, na joto lilitoka humo kama mtu amefungua tanuri. Karibu na kizingiti, juu ya sakafu ya saruji, alilala Mwalimu, mwenye nyumba, mzee wa miaka sabini na nane. Shati lilikuwa limemganda kwa jasho na vifundo vya vidole vimechubuka hadi damu. Fimbo yake ilikuwa vipande viwili. Binti yake, aliyeishi naye na kumtunza, alikuwa amepiga magoti kando, mfuko wa duka la dawa begani, akimpepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Ndiyo kwanza narudi, mama," alisema binti. "Nimefungua tu mlango, nimemkuta hivi."

Mwalimu alikuwa hai, ila kwa kamba nyembamba. Saa sita na dakika arobaini na mbili gari la wagonjwa lilimchukua. Saa saba na robo Inspekta akafika.

Kituoni walimwita Mama Futi, nyuma ya mgongo wake, na yeye alijua. Pochi yake haikukosa futi ya fundi cherehani, na alipima kila kitu. Kesi nyingi huharibika, alipenda kusema, kwa sababu mtu kasema "hapo juu" na hakuna aliyemuuliza juu ni wapi. Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba mwanamke huyu mnene, mkali, wa miaka hamsini na moja, aliogopa vyumba visivyo na dirisha. Lifti hakupanda. Akiulizwa, alijibu kwamba anafanya mazoezi.

Na gereji ile haikuwa na dirisha.

Alisimama kizingitini, akavuta pumzi, akaingia. Ndani kulikuwa na gari la zamani la Mwalimu, safi, lisilotembea kwa miaka minne. Juu darini ilining'inia mota mpya ya kufungulia mlango mkubwa, iliyofungwa jana yake, Alhamisi. Chini, pembeni, ilikaa mota ya zamani: miaka ishirini na miwili ya kazi, mnyororo umelegea, mwili wote kutu.

"Ile ya zamani ilikuwa inanguruma, inapanda nusu, inagoma," alieleza binti. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye macho mekundu. "Basi namalizia mimi kwa mgongo. Kaka akaona bora anunue mpya."

"Mzee alikuwa akifanya nini humu?"

"Kila asubuhi baada ya chai anakuja kukaa ndani ya gari na redio yake ndogo. Ndiyo starehe yake. Mimi nilitoka saa tatu kwenda kuchukua dawa zake. Foleni unaijua, afande. Nadhani upepo ulifunga huu mlango wa jikoni. Ukijifunga, kwa upande wa gereji haufunguki bila ufunguo, na ufunguo tunautundika jikoni."

"Angepiga honi."

"Gari halina betri. Kaka aliitoa, mzee asije akajaribu kuendesha."

Inspekta alibonyeza kitufe cha ukutani cha kufungulia mlango mkubwa. Hakuna kilichotokea. Aliifuata waya ya mota kwa macho hadi ilipopotea ukutani, akarudi jikoni na kuikuta swichi yake kando ya friji. Ilikuwa imezimwa. Friji yenyewe ilikuwa ikinguruma kama kawaida, kwa hiyo umeme haukukatika.

"Labda niliigusa wakati nafuta ukuta," alisema binti.

"Labda."

Lakini mota za aina hii zina njia ya pili. Kwenye reli yake kuna kamba nyekundu yenye kishikio cheupe. Umeme ukikatika, unavuta kamba, mlango unaachana na mota, unaunyanyua kwa mkono kama pazia. Mtoto anaweza. Kamba ya mota hii haikuwa ikining'inia. Ilikuwa imezungushwa kwenye reli mara tano na kupigwa fundo, kishikio kimebanwa juu kabisa.

Inspekta alitoa futi yake. Kutoka sakafuni hadi kwenye kishikio: mita mbili na sentimita thelathini na moja. Alipiga simu hospitali. Urefu wa Mwalimu: mita moja na hamsini na tatu. Hata angesimama kwa vidole vya miguu, asingeifikia.

"Fundi ndiye aliyeiacha hivyo," binti alisema kwa sauti ndogo. "Sisi hatujui hata kazi yake."

Inspekta alipanda ngazi ndogo ya koplo wake, akakifungua kishikio kwa glovu. Kwenye plastiki nyeupe kulikuwa na doa jeusi la grisi, na ndani ya doa mistari ya kidole, imekatwa katikati na mstari mmoja mtupu. Akakitia kwenye mfuko bila kusema kitu.

Kisha alifanya jambo ambalo koplo alilisimulia kwa wiki nzima. Alifunga milango yote miwili akabaki gerejini peke yake. Giza likaja lote kwa pamoja. Alisimama akihesabu, jasho likimtiririka mgongoni, moyo ukimwambia hakuna hewa ingawa hewa ilikuwepo. Aligusa ukuta, akagusa gari, akagusa ukuta tena. Alipofika mia mbili alimsikia koplo, upande wa pili wa mlango wa jikoni, akipenga kamasi. Alimsikia waziwazi, kana kwamba mtu anapengea sikioni mwake.

"Fungua," akasema, na sauti yake haikuwa ya inspekta.

Jikoni aliendelea kupima vitu vingine. Kiti kimoja cha mbao kilikuwa kimeondolewa mezani na kuwekwa kuelekea mlango wa gereji, umbali wa sentimita tisini, mto wa kufumwa umeegemezwa mgongoni. Chini ya mguu wake mmoja kulikuwa na grisi. Pembeni, kikombe cha chai ya maziwa kilichobaki nusu, utando umeshaganda juu. Aliomba kuona dawa zilizoletwa, akanakili karatasi ya kwenye mfuko neno kwa neno, kama alivyonakili kila kitu: vidonge vya presha, pakiti mbili, Alhamisi, saa tisa na dakika kumi.

*

Bi Cherehani alikuwa amekaa barazani kwake, kipande cha barafu kikiwa kwenye kitambaa, amekibandika kwenye paji la uso.

"Futi hiyo ni ya zamani," alisema alipoiona. "Siku hizi zinavutika, zinadanganya. Karibu, kaa. Nina hatia mimi."

"Hatia gani, mama?"

"Nilimsikia akigonga. Saa nne na kitu. Ngo, ngo, ngo. Anapumzika. Ngo, ngo, ngo. Nikasema, huyo fundi bado hajamaliza? Maana jana kutwa alitupigia nyundo masikioni. Nikaongeza redio. Unasikia? Mtu anakufa, mimi naongeza redio."

"Kugonga kuliisha saa ngapi?"

"Saa tano na robo, wakati wa taarifa. Nikashukuru." Alifuta macho. "Na hizo tatu tatu ningepaswa kuzijua, maana ndivyo anavyomwita bintiye. Ana fimbo, anagonga ukuta mara tatu. Mchana, usiku, alfajiri. Mimi mwenyewe huamka. Nikisikia tatu, nasema haya, mwite huyo mtumwa wako."

"Ulipoingia jikoni, binti alikuwaje?"

"Kama mtu aliyetoka kaburini. Pekupeku. Shavu moja lote limejaa vistari, sijui alijifinya kwa uchungu."

"Na hilo paji?"

"Ah, hili ni ujinga wangu. Leo asubuhi, saa mbili, nilimpelekea binti ufagio wake. Mlango mkubwa ulikuwa wazi, anafagia. Naingia namna hii, kitu cheupe kikanipiga pa! Hapa hapa. Wanatundika mambo kwenye njia za watu."

Inspekta aliandika. Kisha akaomba ruhusa, akampima Bi Cherehani kutoka unyayo hadi kwenye uvimbe. Mita moja na arobaini na nne.

"Unanishonea gauni?" akauliza Bi Cherehani.

"Pengine namshonea mtu suruali ya kwendea nyumbani," alijibu Inspekta, na Bi Cherehani hakuelewa.

*

Suruali yenyewe ilikuwa ya Fundi Rimoti, aliyefunga ile mota. Walimkamata saa nane na nusu kwa amri ya mkuu wa kituo, juu ya ngazi, kwenye gereji ya mteja mwingine, akashuka na bisibisi mdomoni. Saa kumi alikuwa ameketi mbele ya Inspekta katika chumba cha mahojiano, mlango wazi kwa amri ya Inspekta.

"Miaka ishirini na minne nafunga milango ya watu, afande. Sijawahi kufungiwa mimi."

"Kamba uliiacha juu ya reli."

"Hapana. Kamba inatoka kiwandani imekunjwa, ndefu. Mimi nikimaliza kazi, swali langu la mwisho ni moja kila nyumba: nani mfupi kuliko wote hapa? Watu hucheka. Namleta huyo mfupi, anyooshe mkono mbele usawa wa macho yake, nakata kamba mpaka hapo. Kisha anaivuta mwenyewe, mbele yangu, ndiyo nakunja ngazi. Kamba ya kuokoa watu haipimwi kwa mrefu."

"Jana alikuwa nani?"

"Mwalimu mwenyewe! Alikuwa kanishikia kopo la grisi muda wote, kidole ndani kama anayeonja mchuzi. Akaivuta, mlango ukaachia, akafurahi kama kashinda bahati nasibu. Binti alikuwepo mlangoni, ameshika kiti."

"Kipi?"

"Cha jikoni. Nilikanyagia kule jikoni nilipokuwa naweka swichi; gerejini hakikuingia."

"Binti anasema hawakuonyeshwa kamba yoyote."

"Basi muulizeni Mwalimu. Akizinduka atasema. Mtu aliyefundisha hesabu miaka yote ile hawezi kusahau cha jana." Aliitazama mikono yake. "Afande, jina langu ndiyo karakana yangu. Likisemwa neno hili mjini, fundi yule kamfungia mzee wa watu, nani atanipa mlango wake tena?"

Walimrudisha mahabusu. Inspekta alikijua kile chumba. Hakikuwa na dirisha.

Saa kumi na moja aliingia mtu mwingine, mrefu, shati limepigwa pasi, simu mbili mkononi. Huyu alikuwa kaka wa binti, mtoto mkubwa wa Mwalimu, mwenye kazi ya ofisini mji wa jirani. Alikasirika vizuri, kama mtu aliyezoea kukasirika mbele za watu.

"Nimelipa kazi ya daraja la kwanza, napewa mtego! Huyo fundi aozee ndani."

"Na betri ya gari ulitoa wewe?"

"Kwa usalama wake. Tuligombana, ndiyo. Akaniita mwizi."

"Ulifika lini nyumbani mara ya mwisho?"

"Jana saa kumi na moja jioni. Nikaona mota inafanya kazi, nikaondoka. Dakika kumi na tano. Nina majukumu."

"Hebu nyoosha mkono juu."

"Nini?"

"Juu, baba. Kama unaomba mvua."

Alinyoosha. Futi ikasema mita mbili na thelathini na nane. Mtu huyu angeweza kuifunga kamba ile bila ngazi wala kiti, huku anazungumza na simu. Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alikunja futi yake polepole.

*

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Mwalimu alizinduka. Wodi ilikuwa na vitanda sita na Mwalimu alikuwa cha mwisho, mdogo ndani ya shuka kubwa, mikono imefungwa bendeji hadi kwenye vifundo. Binti alikuwa hapo, amelala kwa kuketi.

Inspekta alimuuliza kwa upole. Mwalimu alijibu akiitazama dari.

"Fundi hakunionyesha kamba. Sikujua kama ipo."

"Una hakika, Mwalimu?"

"Nimesema."

"Na mlango wa jikoni?"

"Upepo."

Aliletewa maelezo yake atie saini. Alikamata kalamu kwa shida, na Inspekta akaona, juu ya bendeji, kidole gumba cha mkono wa kulia. Kovu la zamani lilipita katikati yake, jembamba, limenyooka, kama mstari uliochorwa kwa rula.

Saa tano mkuu wa kituo alimwita. "Watu wawili wamesema neno moja. Mmoja wao ndiye aliyeumia. Fundi anasema peke yake. Jumatatu asubuhi anakwenda mahakamani. Unasubiri nini, mama?"

"Nasubiri saa kumi ya kesho. Saa ya kuona wagonjwa. Nataka wote wawepo, na fundi nitakwenda naye."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mzee anadanganya, na mtu aliyechubuka mikono yake hivyo hadanganyi bila sababu."

Mchana ule alikwenda peke yake hadi duka la dawa, akaulizia, akajibiwa. Akatoka akiwa na huzuni badala ya ushindi. Sasa alijua nani. Hakujua kwa nini, na kwa nini ndiyo ilimkalia kifuani.

*

Jumapili, saa kumi na dakika tano jioni, walikuwa watano penye kitanda cha mwisho. Mwalimu ameegemea mito miwili. Binti upande wa kulia, kaka upande wa kushoto na simu zake. Fundi Rimoti miguuni pa kitanda, pingu mikononi, shati la Ijumaa. Inspekta alivuta pazia la kitanda, akalijutia mara moja kwa jinsi nafasi ilivyobana, lakini akaliacha.

"Nitasema kwa ufupi," alianza. "Tuanze na kaka mkubwa. Wewe unaifikia ile reli kwa mkono. Ijumaa jioni nilikutilia shaka kwa sababu ya urefu wako tu, na urefu si kosa. Lakini Ijumaa saa mbili asubuhi, jirani yenu aligongwa na kishikio cheupe kwenye paji la uso. Nimempima hadi kwenye uvimbe: mita moja na arobaini na nne. Kwa hiyo asubuhi ile kamba ilikuwa chini, inaning'inia, mahali hasa fundi anaposema aliikata. Wewe ulikuwa umeshaondoka tangu Alhamisi. Na fundi Ijumaa hakukanyaga pale."

Fundi Rimoti alifumba macho akashusha pumzi.

"Huyo mama ni mzee," alisema kaka. "Baba mwenyewe amesema hakuonyeshwa kamba."

"Mwalimu, naomba kidole gumba chako."

Mzee hakukitoa. Inspekta aliweka juu ya shuka picha kubwa ya doa la grisi. Mistari ya kidole, na katikati mstari mtupu, umenyooka.

"Hiki kilikuwa kwenye kishikio, mita mbili na thelathini na moja kutoka sakafuni. Wewe huwezi kufika huko. Kwa hiyo ulikishika kilipokuwa chini. Ulivuta kamba ile siku ya Alhamisi, kidole kikiwa na grisi, na ulifurahi. Ulijua ipo. Ijumaa gizani uliitafuta mahali ulipoiacha, hukuikuta. Umemsingizia mtu asiye na kosa. Wewe, mwalimu wa hesabu."

Mwalimu aligeuza uso.

"Watu waliokuwa ndani ya nyumba baada ya saa mbili asubuhi ni wawili," Inspekta aliendelea, akishusha sauti. "Mmoja hafiki. Binti, wewe pia hufiki, mpaka upande kiti. Kiti chenu kina grisi ya gereji mguuni, na fundi hakukiingiza humo. Duka la dawa Ijumaa hawakukuona. Dawa ulizibeba begani zina karatasi ya Alhamisi saa tisa na dakika kumi. Na jirani alikukuta pekupeku, shavu lina vistari. Hukujifinya. Ile ni alama ya mto wa kufumwa. Ulikuwa wapi kuanzia saa tatu hadi saa sita?"

Kitanda cha pili mtu alikohoa.

"Jikoni," alisema binti.

"Dada!" Kaka alishtuka. "Nyamaza, nitatafuta wakili."

"Nimenyamaza miaka tisa." Hakuwa akilia. Aliongea kama anayesoma barua ya mtu mwingine. "Nilipanda kiti nikafunga kamba. Alipoingia kwenye gari lake nikazima swichi, nikafunga mlango, nikatundika ufunguo. Nikajitengenezea chai. Nikakaa mbele ya mlango. Nilitaka saa moja. Saa moja tu, agonge na nisiende."

"Lakini kwa nini?" kaka aliuliza. "Mbona hukusema umechoka?"

Hapo ndipo alipogeuka kumtazama.

"Nilikuambia. Nilikuwa mkutubi mimi, kaka, nilikuwa na meza yangu maktabani na funguo zangu. Mama alipofariki mkasema nikae na baba mpaka mpate utaratibu. Miaka tisa natafutiwa utaratibu. Anagonga mara tatu, naamka. Naoga, anagonga, natoka na povu. Mwezi wa pili nilikupigia. Nikakuomba siku kumi na nne. Uje ukae naye siku kumi na nne tu, nikalale kwa rafiki yangu. Ukasema, nimekuelewa dada yangu, nitakusaidia. Ukaniletea mota."

Simu moja ya kaka ililia, akaizima bila kuitazama.

"Akaanza kugonga," binti aliendelea. "Tatu. Tatu. Nikahesabu. Kila nikitaka kuinuka nasema, bado dakika arobaini. Bado thelathini. Halafu, wallahi, nikalala. Sijui nililalaje. Sijawahi kulala mchana tangu niingie nyumba ile. Nilipoamka ilikuwa saa sita na robo na kulikuwa kimya. Nilifikiri nimemuua baba yangu."

Inspekta aliona kwamba mkono wake mwenyewe umeshika pazia na umelikunja. Aliliachia.

"Mwalimu," alisema, "nimesimama ndani ya gereji yako, milango imefungwa. Nilimsikia koplo wangu akipenga kamasi. Nawe ulimsikia mtu jikoni."

Midomo ya mzee ilicheza kwanza.

"Kiti kililia," alisema mwishowe. "Ndiyo nikajua yupo. Nilikasirika. Niligonga mpaka fimbo ikavunjika, nikagonga kwa mikono. Nilisema moyoni, nikitoka leo, huyu mtoto atanitambua." Aliitazama mikono yake yenye bendeji. "Halafu nikamsikia akikoroma."

Binti alijifunika uso.

"Alikuwa akikoroma vile utotoni. Nilikuwa nimesahau. Nikajiuliza, lini mara ya mwisho nimemsikia mwanangu akilala? Sikukumbuka. Nikaacha kugonga. Nikasema, mwache alale, ataamka. Nikakaa chini."

Saa tano na robo, wakati wa taarifa. Inspekta hakuhitaji kutazama daftari lake.

"Kwa hiyo mimi ulijua sina kosa," alisema Fundi Rimoti taratibu.

"Nilijua."

"Ukaniacha nilale ndani siku mbili. Chumba kile, Mwalimu, ukinyoosha miguu unamgusa mtu."

"Wewe si mwanangu," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza alimtazama. "Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Sina la kujitetea. Nisamehe, baba."

Fundi Rimoti alifikiri. Mtu mwingine angetukana, na angekuwa na haki. "Nitarudi kuishusha ile kamba," alisema. "Haitakiwi kukaa vile. Lakini leo usiniombe msamaha, Mwalimu. Leo bado nanuka mahabusu."

Inspekta alimfungua pingu. Hazikukaa mfukoni muda mrefu. Alimtazama binti, na ilimuuma, na akasema kilichopasa kusemwa: kwamba alimfungia mtu, kwamba nusura afe, kwamba wawili walikubaliana kumtupia fundi mzigo, na kwamba yote hayo ataamua hakimu, pamoja na ile miaka tisa ikiwa atasimuliwa. Yeye mwenyewe angehakikisha anasimuliwa.

Binti alinyoosha mikono. Inspekta alizitazama pingu, akazirudisha mfukoni.

"Twende hivi hivi," alisema, akalifungua pazia. "Tutapita ngazi."

Walikuwa wamefika katikati ya wodi, kati ya kitanda cha tatu na cha nne, waliposikia chuma kikigongwa nyuma yao. Mzee alikuwa akigonga ubavu wa kitanda kwa mkono wake wenye bendeji. Ngo, ngo, ngo.

Binti alisimama palepale. Mwili wake uligeuka kabla hajaamua, mguu mmoja umeshatangulia kurudi.

"Si wewe, mama," alisema Mwalimu. "Namwita kaka yako."

Yule mtu mrefu alibaki ameduwaa upande wa kushoto wa kitanda, hajui mara tatu maana yake nini. Kisha akaweka simu zote mbili juu ya kabati la dawa, akamwinamia baba yake, na akauliza anataka nini.